Nimekabidhiwa Freightliner yenye redio ya setilaiti, kila nikibonyeza SAT inatafuta tu. Nampa fundi hela au naachana nayo?

#1 Suka_wa_Ipuli

Wakuu mwangaluka. Na nyie wa mwisho wa reli, Kigoma, nawasalimu pia.

Bosi kaniteremsha kwenye Scania niliyoizoea miaka sita, kanikabidhi Freightliner, ile ya pua ndefu iliyotumika Marekani ikaja na meli. Gari sina neno nalo. Kitanda kipana kuliko cha kwangu Ipuli, na kiti kinanesa chenyewe ukipita kwenye mashimo. Njia haijabadilika: Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Kwenda nabeba kinachopatikana, kurudi mara chumvi, mara mawese.

Shida yangu ni redio. Imekuja na redio yake ya kiwandani, ina kitufe kimeandikwa SAT. Nikikibonyeza inaandika ACQUIRING SIGNAL, basi, imeganda hapo. Nimeiacha hivyo kutoka Tabora mpaka Kigoma, nikashusha, nikarudi, bado inatafuta. Juu ya paa kuna kidude cheusi ukubwa wa kiberiti, nadhani ndiyo antena yake.

Mnaoijua ile njia mnanielewa. Ukishaiacha Kaliua redio inaanza kukwaruza, ukipita Usinge inabaki shhhh mpaka karibu na Uvinza. Pori tupu, usiku, tingo kalala mdomo wazi, umebaki wewe na mlio wa injini. Sasa nikiona gari lina redio ya setilaiti na mimi niko kwenye pori lisilo na redio, naona kama nimekalia chungu cha asali halafu nakunywa chai bila sukari.

Fundi mmoja hapa mjini anasema anaweza kuifungua kwa laki mbili na nusu, eti inataka namba za siri tu. Nimpe au nisimpe?

#2 Kinu_cha_Mpunga

Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye fani.

#3 Fundi_Waya_Isevya

Suka, usimpe. Hata elfu kumi usimpe.

Hiyo SAT ni ya huduma inayoitwa SiriusXM, ya kulipia kwa mwezi, na imetengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada. Zamani zilikuwa kampuni mbili, XM ilianza kurusha 2001 na Sirius 2002, zikaungana 2008. Magari mengi ya kule yanatoka kiwandani na kipokezi chake ndani ya redio, ndiyo maana na wewe umekikuta.

Sasa sikiliza kwa nini hakuna fundi wa kuifungua Tabora. Setilaiti za namna hiyo zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa anayezitazama chini zinaonekana hazisogei. Zile za XM ziko nyuzi 85 na nyuzi 115 magharibi, yaani juu ya upande wao wa dunia. Tabora iko karibu nyuzi 33 mashariki. Jumlisha 85 na 33, unapata tofauti ya nyuzi 118. Setilaiti ikipita tofauti ya nyuzi 81 hivi, kwako inakuwa imeshazama chini ya upeo, kama jua la saa tatu usiku. Ile redio yako inatafuta kitu ambacho dunia yenyewe imekikinga. Ungepanda hata juu ya tenki la maji usingekiona.

Na hilo la namba za siri ni uongo wa mchana. Kila kipokezi kina namba yake ya utambulisho. Nenda chaneli 0 kwenye hiyo SAT, mara nyingi utaiona imeandikwa hapo. Mteja wa Marekani akilipa, kampuni inatuma ruhusa ya namba ile, na ruhusa yenyewe inashuka kutoka setilaitini. Redio inatakiwa iwe imewashwa na antena inaona anga. Hakuna mahali pa kuingiza namba kwa mkono. Huyo fundi atakaa na gari lako siku mbili, atakurudishia, atakwambia "subiri ikamate".

#4 Mha_Asiyelala

Mnyamwezi kapewa gari la Marekani sasa anataka na redio ya Marekani imwambie foleni ya Chicago ikoje wakati yuko Malagarasi 😂😂

#5 Suka_wa_Ipuli

Mha, wewe subiri nikufikie hapo Mwandiga.

Fundi asante. Nimekwenda chaneli 0 kweli nimekuta namba na herufi. Yule fundi wa laki mbili na nusu alizinakili kwenye karatasi jana, akasema ndizo za "kutuma Dar". Kumbe.

#6 Mzee_wa_Stesheni

Vijana, kabla hamjacheka sana: redio ya setilaiti ilishawahi kuwepo hapa kwetu. Tena haikuwa ya kuletwa kwenye gari la mtumba, ilitengenezwa kwa ajili ya Afrika kabla Wamarekani hawajaanza ya kwao.

Iliitwa WorldSpace. Aliyeianzisha ni Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, mwaka 1990. Setilaiti yake AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, ikawekwa nyuzi 21 mashariki. Piga hesabu kama alivyopiga Fundi: kutoka Tabora ni tofauti ya nyuzi 12 tu. Ilikuwa karibu utosini, upande wa magharibi kidogo. Redio zake zilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo.

Mimi niliishika kwa mikono yangu Kasulu, nikiwa dereva wa shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi. Ofisini kulikuwa na moja. Antena yake ilikuwa kibao bapa cha mraba, unakichomoa mgongoni mwa redio, unakilaza dirishani kikitazama juu, halafu unakigeuza polepole huku unaangalia vidoti vya nguvu ya mawimbi kwenye kioo. Ikishika, sauti inaingia ghafla, safi, hakuna kukwaruza hata kidogo. Asubuhi tulikuwa tunajaa pale zaidi ya watu kumi na chai zetu mkononi. Mhasibu wetu, mtu wa Kibondo, alikuwa anafunga dirisha ili watu wa nje wasisikie bure. Sijui alidhani sauti inaisha.

Siku moja tuliibeba kwenye Land Cruiser. Tukakifunga kile kibao juu ya dashibodi kwa gundi ya karatasi. Gari likisimama, inaongea. Likitembea barabara ya wazi, inaongea na kukatika. Tukiingia chini ya miembe, kimya. Ile haikuwa imetengenezwa kwa gari linalotembea. Wenzetu wa Marekani walijenga na minara ya chini mijini kusaidia pale majengo yanapokinga.

Baadaye ikawa ya kulipia, na Oktoba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Redio zote zikabaki mapambo. Mtu akikuuzia redio ya WorldSpace leo, anakuuzia saa isiyo na mishale.

#7 Kinu_cha_Mpunga

Mzee shikamoo. Huu uzi nauhifadhi.

#8 Kisu_Kikali

Mnazunguka sana. Mimi nimewaona watu wana king'amuzi na ungo kwenye lori, wanaangalia mpira. King'amuzi kina chaneli za redio pia. Afunge ungo juu ya paa mchezo umekwisha.

#9 Fundi_Waya_Isevya

Uliwaona wamesimama, Kisu. Ungo wa futi tatu unatazama kipande kidogo sana cha anga, ukipinda kama digrii mbili hivi umeshapoteza setilaiti. Sasa kwenye gari linalokata kona na kuruka matuta? Kuna ungo zinazojigeuza zenyewe zinafungwa kwenye meli, lakini bei yake utanunua tela.

Ukiwa umelala mahali, hapo sawa. Una kistendi chako, unauweka chini kando ya gari, unaulenga, unalala na taarifa ya habari. Ila ulenge vizuri na uukaze kwa mawe, upepo wa Uvinza si wa mchezo. Na asubuhi usisahau ukarudi nyuma nao uko pale, nimeshatengeneza mmoja uliokunjwa kama chapati.

#10 Tumbaku_Urambo

Naomba kuunganishia hapo hapo. Mimi nina Howo. Nilinunua redio nzuri ya kisasa, ina kioo, ina Bluetooth. Fundi akachukua waya akaunganisha kwenye fyuzi za gari, ikawaka kama sekunde tatu, ikatoa moshi mweupe na harufu kama ya samaki aliyeungua. Laki na themanini ikaishia hapo. Fundi akaniambia redio ilikuwa feki. Ni kweli?

#11 Fundi_Waya_Isevya

Redio haikuwa feki. Fundi ndiye feki, nisamehewe.

Hili ndilo linaloua redio nyingi kuliko vumbi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Malori mengi tuliyonayo, Scania, DAF, Volvo, Howo, FAW, ni ya volti 24. Yana betri mbili za 12 zimefungwa moja baada ya nyingine. Injini ikiwa inawaka, altaneta inapeleka kama volti 28. Redio za dukani karibu zote ni za volti 12, zinavumilia mpaka 14 na ushee, basi. Ukiipa 28 umeichoma.

Freightliner ya Suka ni kinyume. Malori ya Marekani yanatumia volti 12, hata ukikuta betri tatu au nne, zimefungwa sambamba, volti inabaki 12. Suka, wewe una bahati, redio yoyote ya gari dogo utaifunga moja kwa moja. Ila tingo wako asije akaazima taa au chaja ya volti 24 kwa jirani akaichomeka, haitafanya kazi, na mwenye Scania akija kuazima kwako ataunguza.

Tumbaku, wewe unahitaji kipunguza volti, mafundi wanakiita stepdauni. Kinaingia 24, kinatoka 12. Chukua cha ampea 10 kwenda juu kama hauna ampilifaya kubwa. Kabla ya kuunganisha redio, pima kinachotoka kwa mita. Usiamini karatasi iliyobandikwa juu yake. Nimeshakutana na kimoja kipya kabisa, kimeandikwa 12, mita inasoma 19.

Rangi za waya nyuma ya redio za dukani: njano ni umeme wa kudumu, ndio unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Nyekundu ni umeme wa swichi. Nyeusi ni shasisi, yaani hasi inayofungwa kwenye bodi. Bluu ni wa kuamsha antena au ampilifaya, usiuguse kama hauna, ufunge tepu. Spika ni nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila mmoja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Ule wenye mstari mweusi USIUFUNGE kwenye bodi, wengi wanaunguzia hapo. Lakini waya za gari lenyewe hazifuati rangi hizo, kila kiwanda kina zake, kwa hiyo upande wa gari unapima.

#12 Kisu_Kikali

Stepdauni ya nini? Mimi nimechukua 12 yangu kwenye betri moja kati ya zile mbili. Waya mmoja, fyuzi moja. Redio inapiga mwaka wa pili huu. Mafundi mnapenda kuuza vitu.

#13 Fundi_Waya_Isevya

Umebadilisha betri mara ngapi kwenye hiyo miaka miwili?

#14 Kisu_Kikali

Mara mbili. Lakini betri za siku hizi ndivyo zilivyo.

#15 Mzee_wa_Stesheni

Hahaha. Mtoto kajijibu mwenyewe.

#16 Fundi_Waya_Isevya

Na nina hakika ile ya chini, yenye redio, ndiyo inayokufa, ya juu unaikuta maji yamekauka. Sababu yake ni hii. Redio inakula kwenye betri moja tu, lakini altaneta inazichaji zote mbili kwa pamoja, haijui kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba. Yenye njaa haijai kamwe. Iliyoshiba inaendelea kulishwa mpaka inachemka. Ndani ya miezi umeua zote mbili, na betri za lori unajua bei yake kuliko mimi. Stepdauni ingekuwa imelipa hela yake mara tatu.

#17 Kisu_Kikali

Sawa. Nitapita hapo Isevya wiki ijayo, usinipandishie bei.

#18 Suka_wa_Ipuli

Wakuu msiniache. Nimekubali SAT nimeizika. Lakini hata FM ya hii redio ina kasoro. VOT FM hapa Tabora inaingia vizuri tu, lakini stesheni nyingine mtu akisema s inachana, kama anaongea na karatasi mdomoni. Na nyingine namba zake sizioni kabisa, inaruka.

#19 Fundi_Waya_Isevya

Ni ya Marekani hiyo, ndiyo maana. FM ya kwao inaruka hatua mbili mbili na inasimama kwenye desimali za witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni yako ikiwa kwenye .2 au .4, redio inasimama pembeni yake, unasikia lakini imechanika. Za Japani nazo zina ugonjwa wake, nyingi zinaishia 90 kwa hiyo stesheni zetu nyingi huzipati, ila hilo wenye magari madogo wanalijua.

Kwenye AM, yaani masafa ya kati, ni mbaya zaidi. Wao wanahesabu kwa kilohezi 10, sisi na Ulaya tunahesabu kwa 9. Zinakutana kwenye namba chache tu, 540, 630, 720, 810, kila baada ya 90. Kwa hiyo unaweza kukaa usiku kucha unazungusha ukadhani masafa ya kati yamekufa kumbe redio yako inayaruka.

Tafuta kwenye menyu mahali pameandikwa eneo, au Ulaya na Marekani. Redio nyingi za dukani zinayo. Za kiwandani baadhi zinayo imefichwa, baadhi hazina. Kama haina, weka redio nyingine, ni kazi ya nusu saa kwa gari la volti 12.

Na usitumie kile kidude cha paani kwa FM. Kile ni cha mawimbi mengine kabisa. Mara nyingi plagi yake ni ya rangi ya bizari. Ya bluu ni ya ramani, nyeusi ndiyo ya redio ya kawaida. Ukiziona tatu zinaning'inia nyuma ya redio usizijaribu jaribu, fuata rangi.

#20 Mha_Asiyelala

Na zile fimbo mbili ndefu kwenye vioo vya Freightliner? Mimi nilidhani ndizo za setilaiti.

#21 Fundi_Waya_Isevya

Zile ni za redio ya upepo ya kuongea dereva kwa dereva, wenzetu wanaiita CB, inatumia masafa ya megahezi 27. Kusikiliza redio hakuna kesi, lakini kifaa cha kurusha kinatakiwa kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukikuta mashine yake bado imo ndani ya gari, ulizia kwanza kabla hujaanza kuita "ova ova" njiani Kasulu, ule ni mkoa wa mpakani.

#22 Mama_Dagaa_Kibirizi

Wanangu hamjambo. Mimi si dereva, mimi ni mzigo. Nasafirisha dagaa na migebuka kutoka Kibirizi, na mara nyingi napanda na mzigo wangu kwenye kebini mpaka Tabora. Kwa hiyo hizo redio zenu mimi ndiye ninayezisikiliza zaidi yenu, nyie mnasikiliza injini.

Setilaiti na ungo sivijui. Ninachojua, kijana ninayesafiri naye sasa hivi ana njia yake. Akiwa Kigoma mjini anashusha vipindi kwenye simu: habari, mpira, mawaidha, taarabu kidogo kwa ajili yangu, anavitia kwenye flashi. Tukipita Uvinza mtandao unakata, yeye anachomeka flashi tunaendelea kama hakuna kilichotokea. Taarifa ya habari ni ya jana, lakini kwani huko porini nani ana ya leo?

Ombi langu moja kwa nyie wote: saa nane usiku msituwekee singeli. Moyo wa mtu mzima una mipaka.

#23 Suka_wa_Ipuli

Mama shikamoo. Nimecheka peke yangu hapa stendi. Singeli ndiyo inayonifanya nisilale, lakini nitakufikiria.

#24 Kinu_cha_Mpunga

Kwa nini asisikilize tu redio kwa intaneti ya simu? Bando linakula kiasi gani?

#25 Fundi_Waya_Isevya

Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 inakula kama MB 29 kwa saa. Ya 128 inakula mara mbili yake, kama 58. Safari ya saa nane ukiwa kwenye 64 ni MB 230 na kitu. Haitishi. Tatizo la njia yetu ni mtandao, pale unapoihitaji redio ndipo mnara haupo.

Ndiyo maana nasema Mama kamaliza kesi. Flashi ya GB 32 kwa ubora wa 128 inabeba saa zaidi ya 500. Utakwenda Kigoma na kurudi mpaka gari liuzwe. Ila iformati kwa mfumo wa FAT32. Redio nyingi hazisomi mifumo mingine, unachomeka inakaa kimya, mtu anasema redio mbovu.

#26 Tumbaku_Urambo

Na hii Starlink je? Jamaa yangu anayekwenda Burundi anasema kule ipo, na Rwanda, na Zambia. Si unaweka kisahani juu ya kebini unapata intaneti porini, redio zote za dunia?

#27 Fundi_Waya_Isevya

Kitaalamu ndiyo, setilaiti zake ziko chini sana, kama kilomita mia tano, na ni nyingi, moja ikizama nyingine inapokea. Lakini kifaa hicho kinarusha, siyo kupokea tu kama redio. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iko wazi kuhusu leseni. Usinunue kwa mtu Bujumbura ukavuka nacho Manyovu kimefichwa chini ya kitanda. Waulize TCRA kwanza wanaruhusu nini, halafu ndiyo ufikirie umeme wake, maana nacho kinakula kuliko redio kumi.

#28 Mzee_wa_Stesheni

Mimi naongeza la kizamani. Nunua redio ndogo ya mkononi yenye masafa mafupi. Usiku mawimbi yale yanapanda juu yanagonga anga yanarudi mbali, hayahitaji mnara. Hata masafa ya kati usiku yanasafiri kuliko mchana. Ndani ya kebini ya chuma hutasikia kitu, kwa hiyo chukua waya mwembamba kama mita tatu, mwisho mmoja uzungushe kwenye antena ya redio, mwingine uutoe dirishani uufunge kwenye kioo cha pembeni. Nimewasikiliza watu wa mbali sana hivyo nikiwa nimelala Uvinza nasubiri chumvi. Kule mwisho wa reli nako ukishateremka kuelekea ziwani utawapata majirani wa ng'ambo kwa FM ya kawaida, muziki wao mzuri, hauhitaji hata kuelewa.

#29 Mha_Asiyelala

Na ukiwa njia ya Kasulu kwenda Kibondo jaribu Radio Kwizera ya Ngara, Mzee kaisahau.

#30 Suka_wa_Ipuli

MREJESHO. Sikuahidi, lakini naleta.

Yule bwana wa laki mbili na nusu nimemwambia bosi kakataa. Akashuka mpaka elfu themanini, halafu arobaini. Kitu kinachoshuka hivyo kwa dakika kumi, nikajua.

Redio ya kiwandani haikuwa na menyu ya eneo, nimehangaika nayo siku nzima. Nimeitoa, nimefunga redio ya kawaida yenye USB. Nilifunga mwenyewe na tingo akinishikia tochi, nikifuata rangi za posti namba 11. Spika moja ya upande wa tingo ilikuwa imegeuzwa chanya na hasi tangu huko ilikotoka, besi ilikuwa haisikiki. Nilipoigeuza, kebini nzima ikajaa. Tingo akasema "kumbe gari lilikuwa na mafua".

Binti yangu kanijazia flashi. Nilimwambia aweke habari na mpira, kaweka na masomo yake ya jiografia ya kidato cha pili, eti nimsaidie kukariri. Sasa najua aina za mawingu.

Jana usiku nimesimama kabla ya Daraja la Kikwete pale Malagarasi, nikazima injini. Nimejaribu ya Mzee, redio ndogo na waya kwenye kioo. Mwanzo kelele tupu. Nikasogeza waya mbali na bodi kidogo, likaingia sauti la Kiswahili, linakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anatembea kuzunguka nyumba. Nimekaa saa nzima. Vyura upande mmoja, redio upande mwingine.

Imebaki kitu kimoja. FM nikiwa natembea usiku kuna mvumo, zzzzz, mchana haupo. Nimedhani ni altaneta lakini mchana altaneta si ipo?

#31 Fundi_Waya_Isevya

Umefunga zile taa za LED za juu ya paa?

#32 Suka_wa_Ipuli

Ndiyo, nne. Za mwanga mweupe.

#33 Fundi_Waya_Isevya

Washa redio, weka stesheni inayovuma, halafu zima hizo taa tu.

#34 Suka_wa_Ipuli

Kimya. Safi kabisa.

#35 Fundi_Waya_Isevya

Waya wa taa umepita pamoja na waya wa antena, kwenye nguzo ile ile ya mlango. Utenganishe, upitishe upande wa pili, na shasisi ya taa uifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ikikataa tununue taa zenye kichujio, hizo za bei rahisi ndiyo kelele zao.

#36 Suka_wa_Ipuli

Nitafanya nikirudi Tabora. Tingo anauliza kwa sasa tuchague nini, kuona barabara au kusikiliza mpira.